Kadi za Hawa: kisa cha mtoto aliyedhaniwa hajui kupanga hadithi

Kisa hiki kilitokea katika darasa la juu la shule ya awali moja mjini Bombo, wilaya ya Luweero, kwenye barabara kuu itokayo Kampala kwenda Gulu. Darasa lenyewe, ambalo kwa mazoea ya Uganda huitwa topu, lilikuwa na watoto 41 wa umri wa miaka 5 na wachache waliokaribia 6, mwalimu mmoja, na msaidizi aliyekuwa akija asubuhi tu. Mwalimu huyo, ambaye nilisoma naye chuo cha ualimu, aliniomba nimsaidie kuwaangalia watoto 6 aliokuwa amewaandika kwenye daftari lake kuwa hawajui mpangilio, yaani wakipewa picha za hadithi hawawezi kuzipanga kutoka tukio la kwanza hadi la mwisho. Nitamweleza mmoja wao kwa kirefu, msichana nitakayemwita Hawa ingawa si jina lake, pamoja na mvulana mmoja ambaye hakuwamo kabisa katika orodha ile, kwa kuwa naamini yeye ndiye aliyestahili kuwamo.

Bila kuujua mji wenyewe, kisa hakitaeleweka. Bombo ni mji wa kambi ya jeshi, na pia ni makao ya Wanubi, wazao wa askari ambao Lugard, ofisa Mwingereza, aliwachukua mwaka 1891 kutoka mabaki ya jeshi la Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta kusini mwa Sudan. Nyumbani Wanubi husema Kinubi, lugha iliyozaliwa na Kiarabu. Sokoni husema Kiganda. Na kambini, walikochanganyika Waacholi, Walugbara, Wateso na Wanyankore, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, kama kilivyowakutanisha baba zao na babu zao jeshini. Ndiyo maana mwalimu huyu, tofauti na wenzake wengi wa shule za awali za mijini ambao hushindana kufundisha kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza, husimulia hadithi zake kwa Kiswahili na kuacha Kiingereza kwenye nyimbo na majina ya rangi. Hawa ni Mnubi. Anaishi na bibi yake, ambaye hushona vitunga na vifuniko vya chakula kwa ukindu wa rangi. Asubuhi huja shuleni, alasiri huenda madrasa.

Hadithi iliyotumika kuwapima watoto ilikuwa fupi. Mtoto anafukia mbegu za maharage, kuku anakuja kuzifukua, mtoto anamwita kaka yake na wote wawili wanazifukia upya na kuzungushia miiba, mwishowe mche unachomoza ndani ya uzio. Mwalimu alikuwa ameichora katika kadi 4 za karatasi ya manila, kwa mkono wake, na kwa kweli zilikuwa kadi nzuri kuliko zile za kuchapwa ambazo shule ilipewa na wafadhili, zikionyesha watoto waliovaa glavu wakijenga mtu wa theluji. (Sijapata bado kumwona mtoto wa Luweero aliyekosea kupanga kadi za theluji kwa sababu ya udhaifu wake mwenyewe, na sijui kwa nini kadi hizo huendelea kutufikia.) Kila mtoto alisikia hadithi mara mbili pamoja na wenzake, kisha aliitwa kwenye mkeka kupanga kadi peke yake. Mwalimu alikuja mwishoni, akatazama kadi zilivyolala, akatia alama ya vema au ya mkasi.

Hawa alikuwa amepata mkasi mara 3 kwa hadithi hii na mara 2 kwa nyingine nyepesi zaidi, ile ya mtoto anayeamka, kunawa uso, kunywa uji na kwenda shuleni. Hiyo ya pili ndiyo iliyomtia mwalimu hofu, kwani hata mtoto wa miaka 3 huijua asubuhi yake mwenyewe. Mimi pia, siku ya kwanza, nilitazama kadi zilizokwisha pangwa, nikaona mche umetangulia na mbegu imekuja mwisho, nikaandika vilevile alivyoandika mwalimu. Sikujiuliza jambo ambalo lilikuwa wazi kwenye daftari lile: mkasi wote 5 ulikuwa wa namna moja. Mtoto asiyejua mpangilio huchanganya. Leo huanza na kuku, kesho na miiba. Huyu alikuwa akigeuza, na kila mara aligeuza yote.

Siku ya pili nilikaa naye mkekani, nikamwachia kadi zile zile, safari hii nikitazama mikono yake. Alizitandaza zote, akaziangalia kwa muda, akachukua kadi ya mtoto anayefukia mbegu, akaiweka mbele ya goti lake la kulia. Akachukua ya kuku, akaiweka kushoto kwa ile ya kwanza, akaisukuma kwa kidole mpaka kingo zikagusana. Ukafuata uzio, ukafuata mche, kila mmoja kushoto kwa mwenzake. Hakusita hata mara moja. Nilipomwomba anisimulie, aliweka kidole kwenye kadi ya kulia kabisa, akasema: “Huyu alifukia mbegu. Kuku akaja akafukua. Akaita kaka yake wakafukia tena, wakaweka miiba. Sasa kuku haingii, ndiyo maana imeota.”

Lile “ndiyo maana” lilinifanya niiweke kalamu chini. Katika wale watoto 41, niliowasikiliza wote kabla ya muhula kwisha, ni 7 tu waliounganisha tukio la tatu na la nne kwa neno la sababu. Wengine walisema “halafu” mpaka mwisho. Na huyu ndiye tuliyekuwa tumemtia mkasi.

Alasiri hiyo nilipita madrasa kwa ruhusa ya bibi yake. Ustadhi aliniambia Hawa ni mwepesi, anaziandika herufi zote kuanzia alifu, na nilimkuta barazani amepakata ubao wake, mkono ukianzia pembe ya kulia na kuelekea kushoto. Ameanza kushika chaki pale kabla ya kushika penseli kwetu. Kwake yeye, jambo la kwanza hukaa kulia. Hakuna aliyemwambia kwamba kwenye mkeka wa shule jambo la kwanza hukaa kushoto, kwa sababu hakuna kati yetu aliyejua kwamba hilo ni jambo la kuambiwa.

Si jambo geni katika utafiti. Mwaka 1991 Barbara Tversky, Sol Kugelmass na Atalia Winter walichapisha uchunguzi uliowahusu watoto na watu wazima wa lugha tatu, Kiingereza, Kiebrania na Kiarabu, ambao waliombwa kubandika alama za matukio yanayofuatana, kama vile milo ya siku. Wasomaji wa Kiingereza walielekea kuupeleka wakati kutoka kushoto kwenda kulia, wa Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto, na wa Kiebrania wakawa katikati. Mwelekeo wa maandishi huwa mwelekeo wa wakati. Kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili jambo hili halipaswi hata kutushangaza, kwani lugha hii iliandikwa kwa khati ya Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya herufi za Kilatini kuishika, na washairi wa pwani waliozinakili tenzi zao kutoka kulia wangeziona kadi za Hawa zimelala sawasawa.

Hata hivyo sikutaka kuridhika haraka, maana maelezo mazuri yana hatari ya kumaliza uchunguzi kabla ya wakati wake. Kati ya watoto 6 walioorodheshwa, 4 walikuwa wakienda madrasa, lakini ni Hawa na mwingine mmoja tu waliogeuza. Wawili waliobaki walichanganya kwelikweli, kulia na kushoto, na madrasa haiwezi kubebeshwa lawama kwa ajili yao. Na Hawa mwenyewe alikuwa na makosa mengine mawili ambayo mwelekeo haukuyaeleza.

La kwanza lilitokea kwenye kadi 5 za kupika mandazi: kukanda unga, donge kuumuka, kukata vipande, kukaanga, kula. Tukizisoma kutoka kulia, Hawa aliweka kukaanga kabla ya kukata. Nilidhani hapa ndipo uwezo wake ulipofikia, kwani watoto wengi hushika mwanzo na mwisho wa hadithi kabla ya kushika kati yake. Lakini nilipomuuliza kwa nini kisu kinakuja baada ya karai, alijibu kama anayemsaidia mtu mgeni wa jikoni: “Inaiva, ndiyo unakata, kila mtu anapata yake.” Bibi yake hapiki mandazi. Hupika chapati, na chapati huchomwa nzima ndipo hukatwa. Kadi ya kukata ilionyesha kisu na duara la unga, na duara la unga lililochorwa kwa penseli halina tofauti na chapati. Kosa hili nalilaumu nusu kwa mchoraji na nusu kwetu sisi tuliochagua mapishi bila kuuliza nani anapika nini nyumbani.

Nilipompa upya kazi ileile kwa matukio anayoyaona kila wiki, yaani bibi akitayarisha ukindu, hakuhitaji kadi wala msaada. Alisimama akaigiza: anachemsha maji, anatia rangi, anatumbukiza ukindu, anauanika kwenye kamba, ukikauka anaanza kushona. Nikamjaribu, nikamwambia basi leo bibi ashone kwanza, rangi atie baadaye. Alicheka, akasema kitunga kizima hakiingii sufuriani. Jibu hilo lilinipa habari ambayo kadi zisingeweza kunipa kamwe: alijua mpangilio, na tena alijua kwa nini mpangilio huo haupinduki.

Kosa la pili lilikuwa la kweli, na bado lipo. Nilimpa mwanasesere wa kitambaa nikamwomba amchezeshe kama nitakavyosema. Kwa makusudi niliepuka mambo yenye desturi, kwa sababu ukimwambia mtoto habari za kunawa na kula, atafanya kama anavyofanya nyumbani hata kama hajakuelewa. Nilisema: “Kabla ya kuruka, alipiga makofi.” Mwanasesere akaruka, kisha akapiga makofi. Nikasema: “Alipiga makofi baada ya kuruka.” Akapiga makofi, kisha akaruka. Sentensi ambazo maneno yake yalifuata mpangilio wa matukio alizipata zote. Ambazo maneno yake yaliugeuza, alikosa 5 kati ya 6. Eve Clark, mtafiti wa lugha ya watoto, alionyesha jambo hili kwa Kiingereza mwaka 1971: mtoto mdogo asiyeyashika vema maneno ya kabla na baada huchukulia kwamba kilichotajwa kwanza ndicho kilichotendeka kwanza. Katika Kiswahili nadhani tunamwongezea mzigo mwingine, kwa sababu husema pia “kabla hajaruka, alipiga makofi”, na mtoto anayesikiliza kwa bidii husikia “hajaruka” na kuhitimisha kwamba kuruka hakukuwapo kabisa. Mmoja wa watoto alifanya hivyo hasa: mwanasesere wake alipiga makofi akakaa.

Sasa nije kwa mvulana. Okello, nalo si jina lake, ni mtoto wa askari, na daftarini alikuwa na vema tupu. Kadi zake zililala kutoka kushoto kwenda kulia, mbegu, kuku, miiba, mche, kila siku bila kosa. Nilimwita kwa sababu nilitaka mtoto wa kumlinganisha na Hawa. Alizipanga upesi mno, bila kuzitazama sura, macho yake yakiwa kwenye pembe za kadi. Nilipomwomba asimulie, alisema: “Huyu mtoto anachimba. Huyu kuku. Huyu mtoto mwingine ana miti. Hii ni majani.” Nikamuuliza mtoto wa kadi ya tatu ni nani. Akanyanyua mabega. Kwake kadi zile zilikuwa na watoto wawili tofauti, kwa kuwa katika kadi ya kwanza mtoto ameinama na katika ya tatu amesimama, na hakuna aliyemfundisha kwamba katika picha za hadithi mtu yule yule hurudi na kurudi. Watoto wasiokuwa na vitabu vya picha nyumbani hawazaliwi na ujuzi huo. Basi alijuaje mpangilio? Kadi ya kwanza ilikuwa na doa la chai kwenye pembe, ya pili imekunjika, ya tatu safi, ya nne imechanika kidogo. Alikuwa amehifadhi madoa.

Mwalimu aliposikia hayo alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza kama afute vema zote za daftari. Nilimshauri asifute, bali aongeze safu mbili: mtoto amesimulia nini, na ameanzia wapi. Nakiri kwamba ushauri huu ni rahisi kwa mgeni mwenye mtoto mmoja mkekani kuliko kwa mwenye watoto 41. Tulikubaliana awasikilize watoto 4 kwa siku, wakati wengine wanakunywa uji, na hivyo kulimaliza darasa kwa muda wa wiki mbili na siku kidogo.

Mengine tuliyoyafanya yalikuwa madogo. Kwenye ukingo wa kushoto wa mkeka mwalimu alishona kitambaa chekundu chenye umbo la nyumba, akawaambia watoto kwamba hadithi ya shuleni hutoka nyumbani na kwenda safari. Hawa hakukosolewa wala kuambiwa kwamba njia yake ni mbaya. Aliambiwa kwamba ubao wa ustadhi una mlango wake na mkeka wa mwalimu una wake. Alielewa siku hiyo hiyo. Mtoto anayesema Kinubi na bibi, Kiganda na muuza duka na Kiswahili na mwalimu amekwisha zoea kwamba mambo hubadilika ukivuka kizingiti. Kumnyoosha mapema kulikuwa na haja, kwa maana mwakani anaingia darasa la kwanza la msingi, ambako hata pale mtaala wa mada uliotumika tangu 2007 unapofuatwa na masomo ya madarasa matatu ya mwanzo kutolewa kwa lugha ya eneo, maandishi na michoro yote hukimbia kutoka kushoto.

Kadi nazo zilichorwa upya. Mtoto wa hadithi alivalishwa shati lenye mistari myekundu katika kila picha, na pembe zote zikakatwa sawa ili pasiwe na doa la kukariri. Kabla ya kugusa kadi, watoto waliigiza hadithi uani, mmoja akiwa kuku, na kuku aliyeingia kabla mbegu hazijafukiwa alijikuta hana cha kufukua, akasimama katikati ya uwanja akizubaa huku wenzake wakimpigia kelele arudi. Naamini dakika zile za kuzubaa zilifundisha zaidi ya kadi zote.

Jambo ninalotaka kulikazia zaidi ni la lugha. Kiswahili kina chombo cha kupangia matukio ambacho walimu wengi tunakiacha kivumbini, nacho ni kiambishi -ka-. Sentensi ya “mtoto alifukia mbegu” inaweza kufungua hadithi. Sentensi ya “kuku akaja akafukua” haiwezi, kwa sababu -ka- huegemea jambo lililokwisha tajwa. Mwalimu alikuwa akisimulia kwa -li- tupu, alifukia, halafu alikuja, halafu alifukua, na kila sentensi ikawa inaweza kusimama popote kama viti vya ukumbini. Alipoanza kusimulia kwa -ka-, tuliunda mchezo: anataja sentensi moja, na watoto wanasema kama ni ya kufungulia au ya kufuatia. “Wakazungushia miiba?” Watoto: “Ya kufuatia!” “Nani? Kilitangulia nini?” Watoto wanaosema Kiganda waliushika upesi, kwa kuwa lugha yao ina ndugu wa kiambishi hicho, Mganda husimulia kwa n'agenda, n'alya, kama sisi tunavyosema akaenda, akala. Wale wa Kiswahili cha kambini, ambacho mara nyingi huruka -ka- na kusema -li- kila mahali, walihitaji wiki 2 zaidi.

Kwa kabla na baada tulikwenda polepole. Mwalimu alianza na sentensi zinazofuata mpangilio wa matukio, akizitumia katika shughuli za darasa na si katika majaribio: “Baada ya kukunja mikeka, tutatoka.” Zile za kugeuza huzisema pamoja na kitendo, akinyoosha kidole kwenye jambo litakalofanywa kwanza. Nilipomjaribu Hawa tena mwishoni mwa muhula, alikosa 3 kati ya 6, na aliyokosa mawili yalikuwa ya “kabla haja-”. Sidhani kwamba kuna njia ya mkato hapa. Ni suala la umri na la kusikia maneno hayo mara nyingi mahali yanapotenda kazi.

Kadi zake sasa hulala kutoka kwenye nyumba nyekundu, na barazani kwa ustadhi mkono wake bado huanzia kulia. Wawili waliokuwa wakichanganya wamerudishwa kwenye kadi 3, na mmoja amekwisha panda hadi 4. Okello amepata mkasi mara nyingi tangu kadi zibadilishwe, jambo lililomwudhi baba yake alipoliona daftari, na ilibidi mwalimu amwite mzee huyo mkekani, amwonyeshe kadi za zamani na madoa yake. Wiki ya mwisho nilimsikia mvulana akiweka kidole kwenye shati la mistari la kadi ya kwanza, kisha kwenye la kadi ya tatu, na kusema kwa sauti ya chini, “Huyu ni yule.” Kwenye kadi 4 bado hupotea baada ya kuku, na mwalimu ameamua kutomwongezea ya tano hadi muhula ujao.